Maswali na majibu: Usiingoje siku mbaya ndipo upige

*Sina kredo. Naweza kupiga simu ya msaada wa kiakili? (Muyeye, Malindi)*

Piga. 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure. Usibipu ukakaa kungoja kupigiwa.

*Nyumba yetu imejaa watu. Nizungumzie wapi, na nitaulizwa nini? (Langoni, Lamu)*

Panda darini, au nenda kwa mtu unayemwamini. Ufukoni upepo utakumeza sauti. Anza hivi: "Nimelemewa, nataka kuongea kwa Kiswahili." Jina la kwanza latosha. Mshauri atauliza uko wapi, uko na nani, na atakuuliza waziwazi kama unafikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo jipya kichwani, humfungulia mdomo, kwa hiyo jibu kweli. Siri yako hutunzwa, ila maisha yakiwa hatarini ataita msaada. Simu ikikatika, piga tena papo hapo kabla moyo haujarudi nyuma. Na tafadhali, msingoje mpaka usiku wa mwisho: kukosa usingizi wiki nzima ni sababu tosha ya kupiga.

*Kaka yangu amesema amechoka kuishi. Nimpe nambari? (Kipungani)*

Nambari peke yake haitoshi. Kaa naye, usimwache hata akisema ametulia. Dawa na sumu za nyumbani ziondolewe. Kisha piga wewe mwenyewe, maana washauri huongea na jamaa pia. Kama ameshajidhuru, tafuteni boti sasa hivi afike Hospitali ya King Fahd. Simu ya ushauri haibebi mgonjwa. Wala msimfiche kwa kuogopa polisi: tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Aibu ya majirani isiwacheleweshe hata dakika moja.

*Binti yetu anaongea peke yake. Ni jini? (wengi)*

Swali hili linarudi kila mara, bila kutaja umri, ameanza lini, wala kama analala. Msomeeni, kisomo hakigombani na daktari. Lakini kumfunga kamba au kumkatisha dawa ni kumdhulumu. Mpelekeni hospitali wiki hii. Akiwa mtoto, 116, simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure usiku na mchana.

*Mume wangu anatumia unga, yaani heroini. Nifanyeje? (Maweni, Malindi)*

Piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, bure. Methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, inatolewa hospitali ya Malindi tangu 2015. Akianza, asikose dozi, na asichanganye na unga wala pombe: mchanganyiko huo huzima pumzi.