Kwa mnaotaka kutengeneza filamu ya baba na mwana waliokosana

Filamu yangu fupi ya kwanza niliipiga Ngamiani, hapa Tanga. Kijana anarudi nyumbani baada ya miaka tisa ya kutosemezana na babaye. Niliwaandikia ugomvi wa dakika nne, wanafokeana mpaka mishipa ya shingo inawatoka, nikaamini nimepata. Siku ya kuionyesha mtaani, mzee mmoja aliyekaa mbele akaniuliza: "Kijana kaingia kwa baba yake baada ya miaka yote hiyo, mbona hajaamkia?"

Sikuwa na jibu. Wadogo zangu, karibu kila ninalolijua kuhusu filamu za aina hii limetokana na swali lile.

Huku kwetu watu wakikosana hawaachi adabu. Hasira inahamia humo humo ndani ya adabu, na ndimo kamera inapotakiwa kuitafuta. Mwana ataamkia. Baba ataitikia marahaba, ila macho yake yako kwenye redio. Atauliza habari za safari, hatauliza za wajukuu. Mama atageuzwa tarishi: "Mwambie baba yako chakula tayari." Zamani mzee alikuwa akimwita mwanawe "babangu", leo anamtaja kwa jina lake kamili kama anasoma orodha ya darasa. Kabla hujaandika mazungumzo, andika nani anaketi barazani na nani anaingia moja kwa moja uani. Mgeni hutengewa sahani yake. Mtu wa ndani huitwa kwenye sinia. Mtengee mwana sahani yake peke yake, uone kama bado unahitaji ule ugomvi.

Kibali cha Bodi ya Filamu kitafuteni mapema, ni takwa la sheria tangu 1976, na mwenyekiti wa mtaa ajue mnakuja.

Sauti ndipo wengi wanapoanguka. Hadithi yenye maneno machache haina pa kujificha: mtazamaji anasikia kila kitu. Ngamiani ina bodaboda, cherehani ya jirani, kunguru juu ya bati, na adhana mara tano kwa siku. Pangeni teki ndefu, yaani vipande mnavyopiga bila kukata, kwa kufuata saa za swala, msije mkamkatisha mwigizaji pale machozi yanapomlengalenga. Na kila chumba mnachopigia, kabla ya kufungasha, waombeni watu wote watulie mrekodi ukimya wake kwa dakika nzima. Ukimya wa ukumbini si sawa na wa uani. Mhariri akikosa ule wa kweli atabandika muziki, na muziki utamwambia mtazamaji alie kabla hajajisikia kulia.

Mwanga una tabia zake pia. Saa sita mchana jua liko utosini na macho ya waigizaji yanakuwa mashimo meusi; ingieni ndani. Taa zenu za tyubu zinatumia umeme wa hezi 50, kwa hiyo ukipiga fremu 24 au 25 kwa sekunde weka shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, la sivyo picha inaweza kupepesa. Halafu acheni kuandika "baba anatazama jua likizama baharini". Pwani yetu inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama bara, upande wa Usambara, na likishazama mna kama dakika ishirini tu kabla ya giza. Baba anayetazama bahari alfajiri, akiwa hajalala, ni picha nzuri zaidi hata hivyo.

Filamu ya pili nilimchukua fundi baiskeli mstaafu kuwa baba. Hakuwahi kuigiza. Sikumpa skripti, nilimweleza tu yaliyotokea baina yake na mwanawe. Kwenye sini ya mwisho wanakula sinia moja, kila mtu upande wake, hakuna neno. Katika teki ya tatu yule mzee, bila kuambiwa na mtu, akachambua mnofu wa changu, akautoa mwiba kwa kidole gumba, akausukuma taratibu juu ya wali mpaka upande wa kijana. Kijana akausimamisha mkono wake hewani. Kisha akala. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema kata. Nashukuru mshika maiki alinibana bega.

Kwa hiyo msiwe na haraka ya kukata. Acheni kamera iendelee hata baada ya mistari kwisha.

Filamu ile tuliionyesha kwanza uani kwa wenye nyumba waliotuazima ukumbi wao, kwenye shuka lililofungwa kwenye kamba ya kuanikia. Mnofu ulipofika upande wa kijana, mama mwenye nyumba akasema kwa sauti, "Haya, yamekwisha hayo," akainuka kwenda kuinjika chai. Filamu ilikuwa imebakiza dakika sita, za kuombana radhi. Kesho yake nilirudi kwa mhariri tukaziondoa zote.