Maswali ya Wasomaji: Sarafu za Kale za Pwani

Nauziwa reale ya Maria Theresa yenye mwaka 1780. Muuzaji anadai ina miaka zaidi ya 240, na bei yake si mchezo. Nitajuaje kama ni ya kweli? (Msomaji, Tanga)

Ndugu yetu, kwanza usahau huo mwaka. Maria Theresa, mtawala wa Austria, alifariki 1780, lakini reale zake zikaendelea kupigwa chapa kwa mwaka uleule, Vienna na baadaye hata Rome, London na Bombay, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na mwambao huu walishaizoea sura hiyo. Vienna wanazitoa hadi leo. Kwa hiyo cha kuuliza ni kama hiyo yako ni ya madini ya fedha kweli. Ikiwa ni fedha, mara nyingi haistahili bei kubwa kuzidi ya fedha iliyomo.

Reale halali ina gramu 28.07 na upana wa karibu milimita 40. Fedha ni asilimia 83.3, yaani gramu 23.4 hivi. Tafuta mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, upime sarafu ikiwa kavu. Kisha weka juu ya mizani kikombe chepesi chenye maji, rudisha namba kwenye sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba na uizamishe yote bila kugusa kitako wala ubavu wa kikombe. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Reale nzuri husoma karibu 2.75, na 28.07 ukigawanya kwa 2.75 unapata 10.2, yaani sarafu ni nzito mara 10.2 kuliko maji ya ujazo uleule. Ikisoma 3.1 au zaidi, umeshika shaba iliyopakwa rangi ya fedha. Vipovu vya hewa hung'ang'ania kwenye maandishi na kupandisha namba, hata fedha halisi ikaonekana bandia. Itikise sarafu ndani ya maji, au tia tone la sabuni.

Sumaku usiitegemee: hunasa chuma, ila shaba nyeupe, yaani shaba iliyochanganywa na nikeli, hupita. Ukingo ndio unaosema zaidi. Reale halali ina maandishi ya Kilatini yaliyoinuka kuuzunguka. Ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na herufi zilizofifia, mstari wa kiungo, na vishimo vidogo usoni. Ukiona doa la lehemu kwa juu, ujue ilitiwa kitanzi ikavaliwa shingoni. Wakusanyaji wa sarafu huishusha bei kwa sababu hiyo. Sisi tunaona hizo ndizo za kutunzwa zaidi, maana zimebeba alama ya aliyezivaa.

Pesa yangu ya shaba ya Seyyid Barghash, ya 1299 Hijria, imeota kijani. Niisugue kwa ndimu na majivu? (Msomaji, Mombasa)

Tafadhali usifanye hivyo. Ndimu hula ngozi ya kahawia iliyojijenga tangu 1882, majivu yakamaliza herufi na ile picha ya mizani, na haviwezi kurudishwa. Kijani kigumu chenye uso laini kiache. Kikiwa cheupe-cheupe, unga unaobaki kidoleni, hiyo ni chumvi iliyoingia kwenye shaba, na hewa ya Pwani yenye unyevu huichochea izidi kula. Loweka sarafu kwenye maji safi ya betri yanayouzwa gereji (soma chupa vizuri, isiwe asidi), ubadilishe kila siku kwa wiki moja. Bandua unga kwa kijiti cha meno, kausha kabisa, kisha ihifadhi kwenye kopo linaloziba pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu iepuke, kwani nayo huzalisha utelezi wa kijani.

Nimenunua mashine ya kutafutia madini. Naweza kuipitisha kwenye magofu ya Kilwa? (Msomaji, Lindi)

Hapana. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, na kuchimba mambo ya kale bila leseni ni kosa kwa sheria ya Tanzania ya 1964. Isitoshe, sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zina jina la sultani bila mwaka. Umri wake husomwa kutokana na tabaka la udongo na vigae vilivyolala nayo. Ukishaing'oa, umebaki na kipande cha shaba kisicho na tarehe, na tabaka nalo limepoteza ushahidi wake. Ukiiona juu ya mchanga, iache palepale, ipige picha ukiwa umeweka rula pembeni, andika mahali, kisha mpelekee taarifa afisa wa mambo ya kale.