Mama akifariki, okoeni sauti yake kwanza

Mtu akifiwa na mama huambiwa kwamba ataendelea kuishi moyoni mwake. Sibishi. Ila moyo nao husahau, na huanzia kwenye vitu vidogo: alivyocheka, neno alilopenda kuanzia mazungumzo, jina la utani alilompa kila mjukuu na ambalo hakuna mwingine aliyethubutu kulitumia. Sura haipotei upesi kwa sababu picha zipo. Sauti ndiyo inayotangulia kuondoka. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza unahusu simu.

Tafuta ujumbe wa sauti aliokutumia. Siku hizi familia nyingi zinao, na kila mmoja anadhani uko salama kwa kuwa ameuona juzi tu. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu inaweza kuifunga na namba ile ikapewa mtu mwingine. Ujumbe uliokwisha kuupokea unabaki kwenye simu yako, sawa, lakini simu huibwa, huanguka majini, hubadilishwa. Nakili sauti zile mahali zaidi ya pamoja: kwenye kompyuta, kwenye diski ya pembeni, na kwa ndugu asiyeishi nyumba moja na wewe. Akaunti ya Google isipoguswa kwa miaka 2 nayo inaweza kufutwa pamoja na picha zilizomo, basi picha alizopiga yeye mwenyewe zitoeni mapema. Facebook wana utaratibu wa kuigeuza akaunti ya marehemu kuwa ya kumbukumbu, ndugu wakiomba na kuonyesha uthibitisho wa kifo. Yote haya yafanyike kabla simu yake haijasafishwa ili apewe mjukuu. Hilo hufanywa kwa nia njema kabisa, na likishafanyika limefanyika.

Mama yangu hakuwahi kuamini kwamba simu inarekodi kweli. Kila ujumbe wake ulianza kwa pumzi nzito, kisha, "Imeanza hii? Haya." Ndipo linafuata jambo lenyewe, nalo lilikuwa fupi: nimefika, mtoto bado ana homa, mbona hupigi. Mdogo wangu alitaka tuukate ule mwanzo ili sauti zibaki safi. Nilikataa, na wajukuu wakaniunga mkono. Sasa hicho ndicho kipande wanachokiiga wakikutana, pamoja na ile pumzi.

Mkishaokoa sauti, andikeni. Na hapa wengi huanza na sifa: mpole, mkarimu, mchamungu, aliyejitolea kwa wanawe. Ni za kweli, lakini zinamfaa mama wa kila mtu, ndiyo maana risala nyingi za msibani unaweza kubadilisha jina tu na zikasomwa kwingine. Ulizaneni mambo ya kushikika. Alificha wapi pesa? Nini kilimkasirisha kuliko kilivyostahili? Aliongea nini akiwa peke yake? Nilipowauliza ndugu zangu mama alijitolea vipi, nilipata machozi na kimya. Nilipouliza alikuwa analala saa ngapi, ubishi ukaanza, na mwishowe ikaonekana hakuna anayejua. Sote tulikuwa tunatangulia kulala, na tukiamka tunamkuta yuko macho. Tuliandika hivyo hivyo kwenye daftari.

Tuliandika pia habari ya miwani. Mkono mmoja wa miwani hiyo ulikuwa umefungwa kwa uzi mweusi, na uzi ukichakaa anaubadilisha mwenyewe, taratibu, akiwa ameishikilia karibu na pua kwa sababu bila miwani hauoni uzi. Miwani mipya niliyomletea ilikaa kwenye boksi lake hadi leo. Alidai hii ya zamani imeshamzoea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Watoto na wajukuu hawaombolezi mtu yule yule. Mama niliyemjua mimi alinirudisha kutoka mlangoni kwa sababu kola ya shati haijakaa sawa. Hakuwa na mzaha na saa, wala na daftari lililokunjika pembe. Bibi wanaomjua wanangu aliwaacha waruke juu ya kitanda ambacho sisi tulikatazwa hata kukikalia, na nikija na hasira zangu anawaficha nyuma ya gauni. Nilimwambia, "Mama, unawaharibu hawa." Akanijibu, "Kuwalea ni kazi yako. Mimi yangu nilishamaliza."

Kwa hiyo mwanao akisema bibi hakuwahi kumgombeza mtu, usimsahihishe. Hasemi uongo, anasimulia miaka yake. Sisi tuligawa daftari pande mbili: watoto wanaandikia mwanzoni, wajukuu wanaligeuza na kuandikia kutoka nyuma, na hakuna ruhusa ya kupatanisha habari. Wajukuu wakubwa wanapenda sana kusoma upande wetu. Bibi mkali ni habari mpya kwao, na maswali wanayouliza baada ya hapo ni mazuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu mama. Mmoja alitaka kujua kama mimi nilikuwa namwogopa. Ndiyo, nilikuwa namwogopa.

Kwa wajukuu wadogo mambo ni tofauti. Mtoto aliye chini ya miaka 5 hivi mara nyingi haelewi kwamba aliyekufa harudi. Utamweleza asubuhi, na jioni atauliza bibi anakuja lini. Hajakosa kukusikiliza, ndivyo akili ya umri ule ilivyo. Mwambie waziwazi kwamba bibi amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, na umrudie kwa maneno yale yale kila anapouliza. Usimwambie bibi amelala, maana anaweza kuogopa kulala yeye, au kuogopa ukilala wewe. Usimwambie amesafiri, kwa kuwa atamsubiri. Jambo jingine, watu wazima wengi hawakumbuki lolote la kabla ya umri wa miaka 3 hivi. Yule mdogo kabisa aliyebebwa na bibi kutwa hatabaki na chochote isipokuwa tutakachomsimulia. Mtafutieni picha yake akiwa na bibi, si ya bibi peke yake, na hadithi moja inayomhusu yeye tu. Irudieni mpaka aanze kuisimulia mwenyewe.

Picha zenyewe zina kanuni chache, nitazipitia haraka. Andika nyuma majina, mahali na mwaka kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya au huchafua picha nyingine inayolaliana nayo. Kama karatasi ni ya plastiki na penseli haishiki, andika kwenye bahasha na uitie picha humo. Zile albamu zenye kurasa za gundi ziepukeni, gundi ile hugeuka njano na picha ikagoma kubanduka. Jua na unyevu ni maadui wake. Cha haraka kuliko vyote ni majina: kaa na mzee aliyebaki, mwonyeshe picha moja moja, na rekodi anavyosema. Akishaondoka na yeye, wale wanawake watatu waliosimama na mama akiwa kijana watabaki "marafiki zake" tu.

Tena, msimfanye malaika. Najua inauma kulisema hili msiba ukiwa bado mbichi, basi lisubiri, lakini lisisahaulike. Mama yangu alikuwa na kinyongo kirefu. Angeweza kukaa na wewe chumba kimoja jioni nzima bila kukutazama, kwa neno ambalo wewe ulishalisahau. Na kujitolea kwake kulikuwa na upande uliotuchosha: hakukubali kusaidiwa. Ukimshika mkono kwenye ngazi, anautoa. Akiumwa, anaugulia jikoni akiwa amesimama. Tunasifu sana mama asiyepumzika, na nadhani tunawaponza mabinti zetu kwa sifa hizo. Binti anayekua akisikia kwamba bibi hakuchoka ataona aibu siku atakapochoka yeye. Bibi alichoka. Dada yangu ndiye aliyekuwa akimkanda miguu, na ushahidi wake tumeuandika.

Ndugu nao msipimane. Kuna anayelia kila siku na kuna anayechapa kazi kama hakuna kilichotokea, kisha analia mwaka wa pili, akiwa ameshika sindano na uzi. Wengi wamesikia kwamba kuomboleza kuna hatua tano na wanajikagua wamefika ya ngapi. Hatua zile alizieleza daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe. Hakuna ratiba unayopaswa kuifuata. Ila kama miezi inapita na mtu hali, halali, hawezi kazi, au anasema anataka kumfuata mama, msimwachie dua peke yake; mpelekeni kwa daktari au mshauri.

Vitu vyake mtavigawana, na huenda mtakwaruzana kidogo. Gaweni nakala za sauti na picha kwanza, kila mtu apate zote, halafu ndipo mguse nguo na vyombo. Mtu aliye na sauti ya mama mfukoni hagombanii sana kabati.

Na daftari asipewe mwandishi mzuri wa familia, maana atalinyoosha. Mpeni yule anayewapigia simu watu bila sababu. Kwetu ni mpwa wangu mmoja mwenye mwandiko mbaya ajabu, na kila wiki ananiuliza swali jipya ambalo sina jibu lake.