Hela ya Baba Watoto Siihesabu Tena

Jumamosi tumevunja kikoba, kile kikundi chetu cha kuweka akiba. Nilirudi na shilingi 840,000, nikajifungia chumbani nikazihesabu kitandani mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa najifurahisha tu. Jumatatu nikamlipa mwenye nyumba kodi ya miezi sita, 720,000, mkononi. Akaniangalia: "Mama, leo huniombi nikuvumilie?"

Usiku wake msomaji mmoja akaniandikia. Mume kaondoka mwezi jana, kaahidi kutuma laki mbili kila mwezi, sasa apangeje matumizi? Dada, nakujibu hapa maana najua hauko peke yako.

Mwenzio nilipoachana na mume, mwaka 2021, niliahidiwa laki na nusu. Nilikuwa nauza kwenye duka la vipodozi la mtu Kariakoo, mshahara laki tatu. Nikachukua daftari nikaandika: mshahara 300,000, baba watoto 150,000, jumla 450,000. Hapo kwenye jumla ndipo nilipojimaliza. Mwezi wa kwanza alituma yote. Wa pili 80,000. Wa tatu meseji: "Mambo magumu, nitakucheki." Mimi huku bado naishi kama mtu wa 450,000, chumba na sebule, mtoto mkubwa yuko shule ya kulipia kwa sababu niliona aibu mawifi watasema nini.

Nikaenda kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali. Nilichukua 200,000, kurejesha 10,000 kila siku kwa siku 28. Piga hesabu mwenyewe. Wiki ya tatu wakaja kuchukua TV, mtoto wangu mdogo anaangalia katuni. Yule kijana aliizima, akachomoa waya, akauzungusha mkononi taratibu, vizuri kabisa, kama anayekitunza chombo cha nyumbani kwake. Mtoto akamuuliza atairudisha lini. Mpaka leo nikisikia mlango unagongwa asubuhi tumbo linanikata.

Mwaka uliofuata nilikaanga maandazi, sitawachosha.

Sasa ushauri. Hela ya baba watoto usiiandike kwenye daftari. Andika yako tu, hata kama ni ndogo mpaka inakutia aibu. Kodi igawe kwa mwezi uitoe siku ya mshahara, kabla ya chochote. Umeme wa LUKU ununue siku hiyohiyo. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unatosha, maharage pikia mkaa. Mkubwa nilimhamishia shule ya serikali. Ada hakuna, unahangaika na sare na madaftari tu. Mawifi walisema, na bado anashika namba darasani. Ya baba yao ikija, inaingia laini ya pili ambayo siitumii kwa kitu kingine. Viatu, hospitali, sikukuu. Isipokuja, hakuna anayelala njaa.

Sisemi umwachie. Ustawi wa jamii nenda, mimi nilienda, na Sheria ya Mtoto ya 2009 haimbembelezi mzazi anayekwepa matunzo. Baba watoto alisaini mbele ya afisa kwamba atatuma, akatuma miezi miwili tu. Karatasi haipikwi, dada.

Na kiwanja chetu cha Chanika? Mama mkwe alinijibu kwamba sikuchangia kitu, nilikuwa "nakaa tu". Miaka saba napika, nafua, nazaa, nakaa tu! Baadaye ndipo msaidizi wa kisheria aliponieleza kuwa tangu 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali za ndoa. Ningejua mapema nisingetoka pale na begi la nguo na sufuria mbili. Kwa hiyo nakala za mkataba wa kiwanja na risiti toa mapema, hata kama mnapendana. Hasa kama mnapendana.

Na jamani, tuache kuwapa watoto simu wamwombe baba yao hela. Niliwahi kumtuma mkubwa. Akapiga, akasikiliza, akanirudishia simu akaenda kukaa uani. Sikumuuliza aliambiwa nini. Mtoto si mdai, na anayemgeuza mdai atakuja kudaiwa yeye siku moja.

Nikiwa naandika hapa, saa nne usiku, simu imelia. 30,000, na meseji: "Ya maziwa." Mdogo ana miaka sita, maziwa aliacha zamani. Nimeihamishia laini ya pili. Januari anaanza darasa la kwanza, na viatu anavyotaka ni vile vyenye taa.