Alama 38 kwenye dodoso la simu: je, mimi ni mraibu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 22, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa tatu. Darasani tulijaza dodoso la maswali 10 kuhusu uraibu wa simu janja, nikapata alama 38. Wenzangu wanasema ukipita 33 umeshakuwa mraibu. Tangu nianze mafunzo kwa vitendo wodi ya magonjwa ya ndani, miezi miwili sasa, simu haitoki mkononi. Hata chooni naenda nayo na kukaa humo. Wiki iliyopita nilikuwa nahesabu pumzi za mgonjwa kwa saa ya simu, ujumbe ukaingia, nikausoma, hesabu ikapotea, nikaandika 18. Kuiacha nyumbani siwezi, maana ratiba ya zamu na hesabu za dozi zote zimo humo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na ile 18, maana imenishtua kuliko hiyo 38.

Wewe si wa kwanza. Katika kusimamia wanafunzi nimezoea kupekua chati na kukuta 18, 18, 20, 18, kitanda hadi kitanda, kana kwamba wodi nzima inapumua kwa pafu moja. Kumbe mgonjwa anapoanza kuzidiwa, pumzi mara nyingi hubadilika kabla hata presha haijashuka. Katika mfumo wa alama za tahadhari wa Uingereza, NEWS2 wa mwaka 2017, pumzi 12 hadi 20 kwa dakika hupewa sifuri, 21 hadi 24 hupewa 2, na 25 kwenda juu hupewa 3. Hiyo 3 ya kipimo kimoja tu yatosha kumfanya mgonjwa atazamwe haraka na mwenye uwezo wa kuamua. Mtu anayepumua mara 26 ukamwandikia 18, umemzimia kengele yake. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote la simu, nenda kwa muuguzi anayekusimamia umwambie kuwa namba ile hukuihesabu. Utaona aibu, najua. Nenda hivyo hivyo, tena leo.

Ukitoka hapo, tafuta saa ya kubandika kifuani yenye mshale wa sekunde. Nasema hili kwa uzito wote. Wanafunzi wengi hawaifungui simu kwa ajili ya ujumbe. Wanaifungua kwa ajili ya zile sekunde 60, na ujumbe unawakuta mlangoni. Ukiwa na saa, macho yako yanabaki kifuani mwa mgonjwa: kinapanda, kinashuka, moja. Unahesabu dakika nzima. Ukikatizwa na chochote kile, unaanza upya kutoka moja, na huandiki kitu hadi umalize.

Sasa turudi kwenye dodoso. Kwa ulivyolieleza, ni lile fupi lililotungwa Korea Kusini na Min Kwon na wenzake mwaka 2013. Kila swali lina alama 1 hadi 6, hivyo jumla huanzia 10 na kuishia 60. Ule mpaka wa 31 kwa wavulana na 33 kwa wasichana ulipatikana kwa wanafunzi 540 wa shule, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 14 na nusu. Wewe una miaka 22, na simu yako ni sehemu ya kazi. Isitoshe, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, ina tatizo la michezo ya kompyuta lakini haina ugonjwa uitwao uraibu wa simu. Hakuna anayeweza kukupima kwa karatasi ile akakupa jina la ugonjwa, wenzako wakiwemo.

Hata hivyo usiitupe. Rudi uangalie hizo 38 zimetoka kwenye maswali gani. Ukijipa 6 kwenye swali la kuchungulia ujumbe kila mara, huenda ni kundi la ratiba tu linalokusumbua. Ukijipa 6 kwenye la kushindwa kumaliza kazi uliyopanga, au la kuendelea na simu hata ukiona maisha yako yanaharibika, hapo mimi nakaa kitako kukusikiliza. Wala usihangaike na saa ambazo simu inakuonyesha umeitumia kwa siku, kwa sababu muuguzi anayesoma mwongozo wa dawa kwenye simu atahesabiwa sawa na anayetazama video. Jiulize swali hili kila unapoishika: niliamua, au mkono umekwenda wenyewe?

Mkono kwenda wenyewe kuna sababu. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha kwa panya na njiwa kwamba thawabu isiyotabirika huishikilia tabia kuliko thawabu inayokuja kila mara. Kundi lenu la WhatsApp ndivyo lilivyo: jumbe 40 za salamu, picha na vichekesho, na katikati yake moja inayosema zamu yako imebadilishwa. Hujui ni ipi, basi unafungua zote. Dawa yake ni nyepesi kuliko mnavyodhani. Mwombeni kiongozi wa darasa afungue kundi la matangazo ambamo ni msimamizi wa kundi peke yake anayeweza kuandika. Hilo liache lilie. Mengine yote yazime sauti, mtetemo na arifa, na ruhusu simu za watu wawili au watatu wa nyumbani zipite kwa dharura.

Mtetemo nimeutaja makusudi. Watafiti wa Florida walionyesha mwaka 2015 kwamba arifa peke yake, hata usipoigusa simu, inatosha kuharibu umakini kwenye kazi inayotaka uangalifu. Na umakini ukikatika wakati wa kugawa dawa, gharama yake imeshapimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanyika kwenye hospitali mbili za Sydney, uliwafuatilia wauguzi 98 wakitoa dawa mara 4,271. Kila ukatizwaji uliendana na ongezeko la asilimia 12.1 la kasoro za utaratibu na asilimia 12.7 la makosa ya kitabibu. Ukatizwaji ule ulikuwa wa kila namna, si wa simu pekee. Wenzako na ndugu wa wagonjwa watakukatiza hata hivyo. Usiwaongezee msaidizi mfukoni mwako. Kabla ya kushika toroli ya dawa, simu iwe kwenye hali ya ndege. Mwongozo wa dawa na kikokotoo vinavyofanya kazi bila intaneti bado utavipata. Ukivitumia mbele ya mgonjwa, mwambie: "Naangalia kipimo cha dawa yako." Atatulia, na wewe mwenyewe ukishatamka hivyo utaona ugumu wa kuchepuka kwenda kwingine. Ukimaliza, ipanguse simu kwa kitambaa cha spiriti ya asilimia 70 na usafishe mikono kabla ya kumgusa mtu, kwa kuwa ile simu imekwenda nawe chooni.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye "miezi miwili" na "kukaa humo". Hukuniambia ulikuwa mraibu tangu sekondari. Umeniambia ilianza ulipoingia wodi ya magonjwa ya ndani, ambako watu wanafariki mikononi mwenu, mnafunga shuka, mnatandika kitanda upya, na kabla saa mbili hazijapita kimelaliwa na mwingine. Nimewahi kumfuata mwanafunzi chooni baada ya kifo cha namna hiyo. Alikuwa amesimama, mgongo ukutani, kidole kinapandisha picha moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja aliyokuwa akiiona. Nilipomgusa bega ndipo akalia. Ile simu ilikuwa mahali pekee pa kujificha alipopewa na wodi nzima.

Kama nawe ni hivyo, kukunyang'anya simu ni kukuondolea mkongojo kabla mguu haujapona. Mtafute msimamizi wako au mwenzako mmoja mnayeaminiana, mkubaliane kuwa kila baada ya kifo mtatoka pamoja dakika tano, mkiongea au mkinyamaza. Usingizi nao usiuache: ukitoka zamu ya usiku, simu ilale chumba kingine, na kengele ya kukuamsha iwe ya saa ya kawaida.

Jaribu haya wiki tatu, kisha jaza dodoso upya, ukitazama majibu moja moja kuliko jumla. Lakini ukiona hulali, chakula hakipiti, au unaogopa kuingia zamu, usisubiri wiki ziishe. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au kliniki ya afya ya akili, na useme kwanza habari za wodi, za simu zifuate.