Bosi kanikatia masaa, anasema ni Obamacare

SWALI: Shikamoo mhasibu. Nalea watoto wawili peke yangu hapa Columbus, Ohio, na nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka mzima uliopita nilikuwa napiga masaa 36 kwa wiki na bima ya kazini ninayo. Mwezi uliopita bosi katushusha watu sita hadi masaa 28, kasema tumlaumu Obama na sheria yake ya bima ya afya, Obamacare. Shemeji yangu, ambaye redio ya wahafidhina haizimwi garini mwake, anasema ni kweli kabisa, sheria ile iliua ajira milioni mbili na nusu na serikali ikapika takwimu kuficha. Huyo huyo anasema Trump aliifuta 2017, kwa hiyo bima si lazima tena. Na kuna kaka kanisani anauza "bima isiyo ya Obamacare" kwa dola 189 kwa mwezi. Nimfuate nani? — Mama wawili, Columbus

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na shemeji, maana watu wa aina yake hunijia kila msimu wa kodi na ndio wanaonichosha. Mtu hawezi kusema sheria ilifutwa 2017, kisha aseme sheria hiyo hiyo ndiyo inakukatia saa mwaka huu. Achague moja.

Nami niseme mapema, usije ukanidhania: sheria hii siipendi. Ninawatengenezea watu mishahara na kodi, nimeona ilivyowabana wenye biashara ndogo. Lakini kutoipenda sheria hakunipi ruhusa ya kuisoma vibaya.

Obama alipoisaini Machi 23, 2010, ndani yake mlikuwa na masharti mawili ya bima ambayo watu huyafunga furushi moja. La kwanza lilikuwa la mtu binafsi: uwe na bima, la sivyo utozwe faini kwenye kodi yako. Faini ilianza 2014 kwa dola 95 au asilimia 1 ya kipato, ikafika dola 695 au asilimia 2.5 mwaka 2016. Hilo ndilo Jaji Mkuu John Roberts alilinusuru Juni 2012 kwa kuiita faini yake kodi, na ndilo ambalo sheria ya kodi ya Desemba 2017 ililitoa meno: faini ikawa sifuri kuanzia 2019. California, New Jersey, Massachusetts, Rhode Island na mji wa Washington wana faini zao wenyewe. Ohio haina. (Wahafidhina huwa hawapendi kukumbushwa kwamba wazo la kumlazimisha mtu awe na bima lilitolewa na Heritage Foundation, kituo cha utafiti cha wahafidhina wenyewe, mwaka 1989, na kwamba gavana aliyelitia sahihi Massachusetts mwaka 2006 alikuwa Mitt Romney wa Republican.)

Sharti la pili ni la mwajiri. Hilo hakuna aliyelifuta. Lipo, na IRS, idara ya kodi ya shirikisho, inatoza faini zake mpaka leo.

Linasema hivi: kampuni yenye watu 50 au zaidi wa muda kamili, ukijumlisha na saa za wale wa muda mfupi, itoe bima kwa wanaofanya wastani wa saa 30 kwa wiki, yaani 130 kwa mwezi. Isipotoa, inalipa. Kiwango cha mwanzo kilikuwa dola 2,000 kwa mwaka kwa kila mfanyakazi wa muda kamili ukiondoa 30 wa kwanza, na hurekebishwa kila mwaka. Pesa hiyo inakwenda serikalini, wewe huioni hata senti.

Kwa hiyo kutoka 36 hadi 28 si bahati mbaya, na hapa wahafidhina walisema kweli tangu siku ya kwanza. Walionya kwamba ukichora mstari kwenye saa 30, watu watapangiwa 29. Vyuo kadhaa vya umma viliwafanyia hivyo walimu wao wa muda kabla hata sharti halijaanza kazi. Serikali yenyewe ililiahirisha kutoka 2014 hadi 2015, na kwa kampuni za watu 50 hadi 99 ikalisogeza hadi 2016. Kama halikuwa na maumivu, kuahirisha kulikuwa kwa nini?

Dawa waliyoipendekeza, hata hivyo, ilikuwa mbovu kuliko ugonjwa. Republican katika Baraza la Wawakilishi walipitisha mara mbili, 2014 na 2015, mswada wa kusogeza mstari kutoka saa 30 hadi 40. Aliyewapinga kwa hoja nzito alikuwa mhafidhina mwenzao, Yuval Levin: walio kwenye saa 40 ni wengi mno kuliko walio kwenye 30, na kumshusha mtu kutoka 40 hadi 39 ni kazi ya dakika moja. Mswada haukuwa sheria.

Sasa bosi wako. Uliza kwanza mko wangapi, maana kama hamfiki 50 basi sheria haimgusi na anatafuta pa kutupia lawama. Kama mmefika, ajue kwamba kukata saa hakumfichi. Saa za wafanyakazi wa muda mfupi hujumlishwa kwa mwezi, zikagawanywa kwa 120, na jibu linalopatikana ndiyo idadi ya watu wanaoongezwa kwenye kuhesabu wale 50. Anachopunguza ni idadi ya wanaopaswa kupewa bima, si ukubwa wa kampuni.

Halafu kuna jambo ambalo nina hakika hakukuambia. Kampuni nyingi zinazolipa kwa saa hupima kwa kutazama nyuma. Zinachukua kipindi, mara nyingi miezi 12, zikapiga wastani wako. Ukionekana ulifikia saa 30, kwa kawaida unahesabiwa wa muda kamili kwa kipindi kinachofuata, ambacho hakipungui miezi sita wala hakiwi kifupi kuliko kile ulichopimwa, hata kama saa zako zimeshuka katikati. Wewe ulikuwa 36 mwaka mzima. Basi mambo ya Obama muachie bosi, wewe waandikie watu wa utumishi maswali mawili: mnapima saa zangu kwa kipindi gani, na haki yangu ya bima kwa kipimo kilichopita inaisha lini? Kwa maandishi, na ubaki na nakala. Bima ya kazini usiiache kabla hujapata jibu.

Kama unao ujumbe wowote ambamo bosi kaandika kwamba anapunguza saa ili asitoe bima, usiufute. Sheria ya mafao ya kazini ya 1974, ERISA, kifungu cha 510, inakataza kumwandama mfanyakazi ili asifikie mafao yake. Mwaka 2016 hakimu wa shirikisho New York alikataa kuitupa kesi ya mfanyakazi wa mgahawa aliyekatwa saa kwa namna hiyo. Kama yako inafika huko, mwanasheria wa kazi ndiye atakuambia.

Bima ikikatika kweli, una siku 60 za kujiandikisha kwenye soko la bima bila kusubiri msimu. Na tazama Medicaid kwanza, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo: kwa viwango vya 2025, mzazi wa Ohio mwenye watoto wawili na kipato kisichozidi takriban dola 36,700 kwa mwaka anaweza kuingia, ikiwa hadhi yake ya uhamiaji inaruhusu. Wengi wenye green card hutakiwa kutimiza miaka mitano.

Nirudi kwenye milioni mbili na nusu, maana hii imenitoa jasho miaka zaidi ya kumi.

Februari 2014 Ofisi ya Bajeti ya Kongresi, CBO, ilikadiria kwamba sheria ingepunguza jumla ya saa ambazo Wamarekani wanafanya kazi kwa asilimia 1.5 hadi 2 kati ya 2017 na 2024. Ili msomaji apate picha, wakazigeuza saa hizo kuwa watu: sawa na wafanyakazi wa muda kamili milioni 2 mwaka 2017, na milioni 2.5 mwaka 2024. Siku haijaisha, wanasiasa wakawa wanatangaza kwamba ajira milioni 2.5 zimeuawa. Hakuna ajira iliyokuwa imehesabiwa pale. Yalikuwa makadirio ya mbele, tena ya saa, na ripoti ilisema waziwazi kwamba karibu upungufu wote ungetokana na watu wenyewe kuamua kufanya kazi kidogo zaidi. Ni mzee wa miaka 62 aliyekuwa anabeba boksi na mgongo mbovu kwa sababu tu ya bima, sasa anapumzika. Ni mama anayeiacha shifti ya Jumamosi kwa kuwa kila dola anayoongeza inamega ruzuku anayopewa na serikali kulipia bima. Hawa hawakufukuzwa. Hata kwenye hesabu ya wasio na ajira hawamo, kwa sababu hawatafuti kazi.

Kinachoniuma ni kwamba hoja yenye mashiko ilikuwa pale pale mezani. Casey Mulligan wa Chuo Kikuu cha Chicago aliieleza vizuri: ruzuku inayoyeyuka kadiri kipato kinavyopanda inafanya kazi kama kodi juu ya jasho la mtu. Yule mama wa Jumamosi ndiye mfano wake. Unaweza kuijenga juu yake lawama nzito dhidi ya sheria, bila kudanganya. Wakaiacha, wakakimbilia namba inayotosha kwenye bango la kampeni, na Ikulu ikapata nafasi ya kuwasahihisha hadharani.

Serikali nayo ilijitia doa mwenyewe, na ndiyo maana shemeji yako haamini chochote. Mwezi Februari 2010 Nancy Pelosi, akiwa Spika, alisema sheria ya afya ingeleta ajira milioni 4, na 400,000 kati ya hizo karibu papo hapo. Januari 2009 wachumi wa Obama walichora mchoro ulioonyesha kwamba mpango wa kuchochea uchumi ukipita, ukosefu wa ajira usingevuka asilimia 8. Mpango ulipita, dola bilioni 787, na Oktoba mwaka huo ukosefu wa ajira ukawa asilimia 10. Mpango huo ulitangazwa kwa maneno ya ajira "zilizoundwa au kuokolewa". Iliyookolewa unaihesabuje? Mwisho wa Oktoba 2009 serikali ilitangaza ajira 640,329, na waandishi walipozikagua wakakuta baadhi zimewekwa kwenye majimbo ya uchaguzi ambayo hayapo duniani. Kisha ikaja ahadi kwamba ukiipenda bima yako utabaki nayo, ambayo Obama aliiombea radhi Novemba 2013 baada ya mamilioni kupokea barua za kufutiwa.

Sasa hapo ndipo mtu anaruka: kwa kuwa walisema uongo mahali fulani, basi na takwimu za ajira zimepikwa. Oktoba 2012, kiwango kiliposhuka hadi asilimia 7.8 mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, Jack Welch, bosi wa zamani wa General Electric, aliandika kwamba watu wa Chicago, yaani wa Obama, wako tayari kufanya lolote. Ushahidi hakuleta. Agosti 2025 Trump alimfukuza mkuu wa idara ya takwimu za kazi, Erika McEntarfer, kwa sababu ajira za Mei na Juni zilipunguzwa 258,000 kwenye marekebisho. Mimi nafunga hesabu za mishahara kila mwezi. Kuna kampuni hunitumia karatasi tarehe 3 na kuna inayonitumia tarehe 19, na hesabu ya tarehe 3 lazima ibadilike. Idara ile huuliza kaya 60,000 hivi kwa upande mmoja na waajiri kwa upande wa pili, na waajiri wanaochelewa ndio hasa wanaoleta marekebisho. Mpishi wa takwimu angeficha marekebisho, asingeyachapisha.

Ulitaka kuikosoa ile asilimia 7.8, ungesema kwamba anayekata tamaa ya kutafuta kazi hatoki kwenye ufukara, anatoka kwenye hesabu tu. Watu wazima walio kazini au wanaotafuta kazi walikuwa takriban asilimia 66 mwaka 2008, wakawa takriban 63 mwishoni mwa 2013. Sehemu ni wazee kustaafu, sehemu si uzee. Takwimu hiyo ilitoka idara ile ile inayoshutumiwa.

Nimelisema hili kwa urefu kwa sababu ya kaka wa kanisani. Watu wa namna yake huota mahali ambapo watu wameacha kuamini kila kitu. Sijaiona karatasi yake, lakini "bima isiyo ya Obamacare" ya dola 189 mara nyingi huwa moja kati ya vitu viwili. Ama ni bima ya muda mfupi, isiyogusa ugonjwa uliokuwa nao kabla. Ama ni mpango wa waumini kuchangiana gharama za matibabu, ambao hata kwa maandishi yao wenyewe si bima: hakuna ahadi ya kulipa, na wasipolipa hakuna mfuko wa jimbo utakaokushika mkono. Wapo wanaochangiana kwa uaminifu kweli, na wanachama wanajua walichoingia. Shida yangu ni wauzaji wanaokipaka rangi ya bima na kukipitisha kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili, wakitumia hasira ya watu juu ya serikali kama ngazi.

Mteja wangu mmoja, dereva wa malori, alilipa miezi 14 bila kukosa. Alipopasuliwa kidoletumbo, mpango ukamwambia maumivu ya tumbo aliwahi kuyataja kwa daktari kabla ya kujiunga. Bili ilibaki yake. Tuliishughulikia na hospitali mpaka ikapungua, kwa awamu za miaka mitatu, na kila mwezi alipokuwa ananiletea risiti alikuwa ananiuliza kama anaweza kuikata kwenye kodi.

Mwombe kaka huyo namba ya leseni yake ya kuuza bima Ohio, kisha iangalie kwenye tovuti ya idara ya bima ya jimbo. Ni bure, inachukua dakika mbili. Akianza kukuhubiria kuhusu Obama badala ya kukupa namba, weka dola zako 189 mkobani.