Betri ya tatu msimu mmoja? Pima athi kwanza

Msomaji mmoja wa Makambako ameniandikia wiki hii. Ana trekta la Massey Ferguson 135 lenye dainamo, mashine inayochaji betri. Dainamo imesukwa upya, regyuleta inayodhibiti volti zake ni mpya, na betri ya tatu tangu mvua zianze inachemsha maji. Sasa ameambiwa anunue dainamo nyingine. Hapana, ndugu yangu, usinunue kitu. Azima mita ya umeme.

Nimelisema hili hadi nimechoka: umeme unaotoka kwenye dainamo lazima urudi. Njia ya kurudi, ndiyo tunayoiita athi, ni chuma cha trekta lenyewe, yaani bodi ya dainamo, mkono unaoishika, bloku ya injini, gia boksi, kisha mkanda wa athi hadi betri. Trekta lililokanyaga matope ya Usangu miaka mingi lina kutu kwenye kila kiungo hapo. Na wanaolipaka rangi upya ndio wanaolimaliza. Linang'aa kama la harusi, kumbe regyuleta imefungwa juu ya rangi.

Washa injini, ipandishe hadi mizunguko kama 1,500 kwa dakika, washa taa zote. Weka mita kwenye volti 20 za DC. Ncha moja iguse nguzo ya betri upande wa athi, nguzo yenyewe ya risasi na siyo kibano kilichoikamata, maana ubovu mara nyingi uko katikati ya hivyo viwili. Ncha ya pili iguse bodi ya dainamo, mahali ulipokwangua hadi chuma kikaonekana. Isome chini ya volti 0.2. Ikizidi, rudisha ncha ya pili taratibu kuelekea betri: mkono wa dainamo, bloku, gia boksi, bolti ya mkanda, kibano. Namba ikidondoka ghafla, kiungo ulichokivuka punde ndicho kibovu.

Kisha ncha ya pili iguse teminali ya E, yaani ya athi, kwenye regyuleta, na hapa hata volti 0.1 ni nyingi. Regyuleta ya Lucas hupima volti kati ya D, unakoingia umeme wa dainamo, na E. E ikiwa na kutu, koili yake inapata volti pungufu, inadhani betri ina njaa, inaiachia dainamo izidi kupandisha. Betri inachemka, na hicho ndicho ninachoshuku huko Makambako. E ikikatika kabisa, kata-auti, swichi inayounganisha dainamo na betri, haifungi, taa ya chaji haizimi, na dainamo inabaki ikizunguka bila breki hadi koili zinaungua.

Kwa waliotoa dainamo wakaweka alteneta, mashine ya kuchaji kama ya magari ya sasa, yenye regyuleta ndani, dalili ni kinyume. Athi ya bodi ikiwa mbovu, regyuleta huona volti nyingi kuliko zinazofika kwenye betri, kwa hiyo betri haijai kamwe. Asubuhi ya Juni kule Njombe utalisukuma trekta kila siku huku ukilaumu baridi.

Kabla ya kutengeneza, fungua kebo ya athi kwanza, na uirudishe ya mwisho. Vichwa vya betri osha kwa maji ya moto yenye kijiko cha baking soda, vizibo vikiwa vimefungwa ili yasiingie ndani. Kwangua kila kiungo kwa brashi ya waya na msasa, weka washa ya meno, kaza, ndipo upake vaselini kwa juu. Mkanda wa athi kwa injini ya dizeli uwe milimita za mraba 50. Waya wa pikipiki hapo ni mzaha. Kutoka E vuta waya wake wa milimita za mraba 4 moja kwa moja hadi bolti ya bloku. Usiuishie kwenye bati la dashibodi. Bati hilo mara nyingi limekaa juu ya mipira na rangi.

Halafu suala la chanya na hasi. Ferguson TE20 na trekta nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 zilitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo athi. Anayefunga betri kwa mazoea ya gari dogo anaiweka betri kinyume na dainamo bila kujua, na kama ni alteneta, diodi zinakufa hapo hapo. Ukiamua kugeuza athi, au dainamo imetoka kusukwa, ifundishe upya upande wa chanya na hasi kabla ya kuwasha: chomoa kwenye dainamo nyaya za D na F (F ni ya koili za sumaku yake), chukua waya kutoka nguzo ya betri isiyo ya athi, gusa F ya dainamo mara mbili tatu kwa kudonoa tu. Cheche ndogo itaonekana. Ukiung'ang'aniza unaunguza koili.

Mwisho pima betri yenyewe, injini ikiwa kwenye mizunguko ile ile: kati ya volti 13.8 na 14.5, basi funga boneti. Na kwa rangi nyeupe andika kwenye kisanduku cha betri "ATHI NI CHANYA" au "ATHI NI HASI", maana dereva wa msimu ujao huenda asiwe huyu.